Chanoyu Kyoto: chai tamu machoni, chungu mdomoni, na miguu yenye ganzi

Nililipa yeni 3,500 kwa sherehe ya chai ya Kijapani katika nyumba moja ya mbao pale Gion, mtaa wa Kyoto. Wenyewe wanaiita chanoyu, yaani maji ya moto ya chai. Sisi tunasema sherehe, lakini usitegemee shamrashamra. Na uvae soksi nzima! Viatu vinaachwa mlangoni, na yangu ya kushoto ilikuwa imetoboka kidoleni.

Mnakaa kwenye tatami, ile mikeka ya Kijapani, makalio juu ya visigino. Nikajisemea, hiki ni kile kikao cha tahiyatu tu cha kwenye swala, nimekizoea tangu madrasa. Kumbe tahiyatu ni dakika mbili tatu. Hii ilikuwa dakika 45. Mama mwenyeji aliniona ninavyojipinda, akaniashiria kwa mkono nikunje miguu nitakavyo.

Kwanza unapewa kitamutamu cha maharage mekundu yaliyopondwa na sukari, ukimalize kabla ya chai. Mtu wa pwani hapo haelezwi kitu: ni kahawa chungu na kashata. Kisha mama akafuta kijiko cha mwanzi kwa kitambaa cha hariri, taratibu, akatia matcha, yaani unga wa chai ya kijani, na maji, akashika chasen, kikorogeo kilichochanwa kutoka kipande kimoja cha mwanzi. Chumba kizima kimya, unasikia ule mchakacho wa mwanzi bakulini na birika linalonguruma kwa mbali. Likapanda povu la kijani.

Bakuli unaliweka kiganja cha kushoto, unalizungusha mara mbili ili usinywee upande wake wa mbele. Funda la mwisho unalivuta kwa sauti, na ndiyo adabu. Bibi yangu angenitoa mezani. Ladha? Kama maji ya kisamvu kabla ya nazi. Sukari usiulize.

Kilichoniudhi ni kwamba tulikuwa watu 18. Mama alimkorogea mgeni mmoja tu mbele yetu, sisi wengine tukaletewa mabakuli kutoka nyuma, kisha tukaharakishwa kupiga picha kwa sababu kundi jingine lilikuwa mlangoni. Na hii ni chai ya Sen no Rikyu, yule bingwa wa sherehe ya chai aliyefariki 1591, ambaye chumba cha chai cha Taian kinachohusishwa naye kina ukubwa wa mikeka miwili tu! Nikirudi nitatafuta kikao cha watu wanne, hata kwa bei maradufu.

Nyota tatu na nusu. Hiyo nusu ni ya mama, kwa kuniokolea miguu.