Uzoefu wangu wa kuchagua blenda: boksi halisemi yote

Blenda yangu ya kwanza ilidumu miezi minane. Niliinunua kwa sababu mbili tu: bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote zilizopangwa rafuni, na boksi lake liliandikwa wati 1,000 kwa tarakimu kubwa. Siku ilipokufa nilikuwa nasaga karanga kavu. Mota ilinguruma kama kawaida, lakini visu havikuzunguka, na harufu ya kuungua ikajaa jikoni. Niliipeleka kwa fundi nikiwa nimeshakata tamaa. Aliondoa jagi, akainamisha kitako, akanionyesha kipande kidogo cha plastiki chenye meno, kile kinachopokea mzunguko wa mota na kuupeleka kwenye visu. Meno yote yalikuwa yamelika, kikabaki kiduara laini. "Dada, mota yako ni nzima," aliniambia. "Kilichokwisha ni hiki, na cha mashine hii hakiuzwi peke yake."

Tangu siku hiyo, swali langu la kwanza mbele ya blenda yoyote ni kama vipuri vyake vinapatikana: kipande hicho chenye meno, mpira unaozuia jagi lisivuje, na visu. Blenda ya bei nafuu yenye vipuri ni afadhali kuliko ya ghali isiyo navyo, kwa kuwa vitu hivi vitatu huchakaa mapema kuliko mota yenyewe.

Kuhusu wati, nimejifunza kwamba namba hiyo hueleza umeme unaovutwa na mota, wala haielezi kazi inayofika kwenye visu. Isitoshe, baadhi ya watengenezaji huandika kwenye boksi kilele ambacho mota hufikia kwa muda mfupi inapobanwa, ilhali uwezo wake wa kawaida uko chini ya hapo. Kwa hiyo sasa naanzia kwenye lebo iliyo chini ya kitako. Hapo huandikwa volti, jambo la lazima kwa mtu anayeletewa mashine kutoka nchi nyingine, maana iliyotengenezwa kwa volti 110 hadi 120 huungua ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa 220 hadi 240. Kwenye lebo nyingi utakuta pia herufi KB zikifuatiwa na dakika. Hicho ni kikomo cha kuiendesha mfululizo kabla ya kuizima ipoe. Yangu iliandikwa dakika 1, nami niliiendesha dakika nne au tano bila kuipumzisha, tena kwa vitu vikavu. Nikiwa mkweli, sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Kwa hasira ya hasara hiyo, mara ya pili nilikwenda upande wa pili kabisa. Nilinunua mashine ya wati 1,200 yenye jagi la kioo la lita 2. Ilivunja barafu vizuri mno, sina la kuilaumu katika hilo. Lakini nyumbani tuko wawili, na mara nyingi nahitaji juisi ya glasi mbili tu. Kiasi hicho kidogo ndani ya jagi pana hurushwa ukutani, visu vikabaki vinazunguka hewani, nami nikawa nazima, nafungua, nasukuma chini kwa mwiko, nawasha tena, mara tatu au nne kwa juisi moja. Jagi lenyewe likijaa lilikuwa zito kulishika kwa mkono mmoja. Hatimaye nilimpa dada yangu, ambaye nyumbani kwake wanakula watu saba, na hadi leo anaisifu.

Kabla ya kununua ya tatu, kwa wiki mbili niliandika kila kitu nilichosaga na kiasi chake. Orodha ilinishangaza. Karibu yote yalikuwa matunda laini, nyanya na vitunguu, na supu ya mboga. Barafu ilitokea mara moja, vitu vikavu mara mbili. Kwa kazi hizo nilichagua ya wati 600, jagi la lita 1.25, pamoja na kikombe kidogo cha kusagia vitu vikavu. Mtu ambaye hasagi ila matunda laini yenye maji anaweza kutosheka na wati 300 hadi 500, na anayesaga barafu au matunda yaliyoganda kila siku asiende chini ya nilizochukua mimi. Mwenye supu tu hahitaji hata jagi: blenda ya mkono inayotumbukizwa sufuriani inamtosha, na huoshwa kwa dakika moja.

Jagi nililichukua la kioo kwa mara nyingine, kwa sababu plastiki ni nyepesi na haivunjiki kwa urahisi, lakini hukwaruzika, hufifia na kushika harufu ya vitunguu. Kasi za aina nyingi hazikunivutia. Mbili pamoja na kitufe cha kusaga kwa mikupuo zinanitosha.

Matumizi nayo yamebadilika. Naanza na maji, vinafuata vilaini, kisha vigumu juu, ili visu vipate mzunguko tangu mwanzo. Supu naiacha ipoe, sijazi zaidi ya nusu ya jagi, naondoa kile kifuniko kidogo cha katikati na kufunika tundu kwa kitambaa, kwani mvuke uliofungiwa husukuma kifuniko na kumwaga supu ya moto juu ya mtu. Kuosha ni kutia maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, kuwasha kwa sekunde 30, kisha kusuuza. Hata hivyo, mara moja kwa wiki nafungua visu na kutoa mpira wake, maana chini yake hujificha uchafu ambao maji hayaufikii.

Mashine hii ina kasoro zake. Kelele yake ni kubwa kiasi kwamba siiwashi mtoto wa jirani anapolala, waya wake ni mfupi, na mpira wa kifuniko unashika harufu hata jagi lisiposhika. Imetimiza miaka mitatu. Mpira wa chini nimeubadilisha mara moja, baada ya kuona tone la maji likitiririka kwenye kitako, na kipande kipya chenye meno nimekiweka kwenye droo ya vijiko, bado kimo ndani ya mfuko wake.