Laboratware ya Nyawera kwa bamama ba mimba benye plakete chini

Bamama ba Bukavu benye mimba, kama dokta amekuambia plakete (vile vichembe vya damu vyenye vinasaidia damu igande) ziko chini, mi nasema uende kwenye ile laboratware ndogo ya kupandia Nyawera. Nilipimia pale mimba yote na kwa kweli kazi banaijua.

Mi niko na ITP, ile ugonjwa kinga ya mwili yenyewe inashambulia plakete. Mtu anakuwaga na plakete 150.000 mpaka 450.000 ndani ya mikrolita moja ya damu, zangu zilishuka mpaka 38.000 tangu mimba ikiwa changa. Pahali pengine balinipa tu dawa ya malaria, hata gute epesi (ile kipimo cha damu cha malaria) habakufanya! Ni kweli malaria inashushaga plakete, na mimba yenyewe pia inazishushaga, lakini kidogo tu na mara mingi kuelekea mwisho, sasa zikianguka hivi mapema inaomba kutafuta sababu ingine.

Hapa njo ninabapendea. Yule dada wa laboratware hakuamini mashini peke yake, alichukua damu ingine kwenye tiube ya kifuniko cha bulu, akatandaza tone kwenye kioo, akakaa kwenye mikroskopu akihesabu pole pole, alafu akanielezea kama kuna batu plakete zao zinashikana-shikana ndani ya tiube ya kawaida ya zambarau na mashini inaona plakete kidogo kumbe ziko za kutosha. Zangu zilikuwa chini kweli, lakini sasa tulikuwa na hakika. Na kila resultat banaandika ya mbele pembeni, dokta anaona mara moja kama zinapanda ao zinashuka.

Dokta wa CPN (kule banapimaka mimba) mwenye anatumika nabo hana haraka ya kukujaza dawa. Zikiwa juu ya 30.000 na hautoke damu, anafuatilia tu. Kuelekea kuzaa njo alinipa prednisone, dawa ya kupandisha plakete, na kila mara anapima tansio na sukari juu ile dawa inazipandisha. Alitaka nifike 50.000 ya kuzaa, na ya sindano ya mgongo ya kuzuia maumivu 70.000 na zaidi. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki alikataza kabisa. Aliandika barua ya maternite: basivute mtoto na vantuzi (ile kikombe cha kuvuta kichwa cha mtoto), bapime damu ya kitovu, barudilie kisha siku kidogo, juu zile antikoro (kinga zenye zinashambulia plakete) za mama zinapitaka kwa mtoto na plakete zake zinaweza kuanguka kisha kuzaliwa. Barua kama ile kila mama wa ITP angepaswa kuwa nayo mu sakoshi! Mtoto wangu yuko muzima, Mungu asifiwe.

Kasoro ziko. Banaomba dola, na ikiwa na kapasuko kadogo tu banakurudishia. Umeme ikikatika unangojea mpaka bawashe groupe (jenereta). Siku ya mungu banafunga.

Nabapa 4 juu ya 5. Muende asubui sana, na mubebe makaratasi zote za mbele.