Jumamosi sita kwa fundi wa mabango Mwanga: nimelipa, nimeona, nasema

Binti yangu alimaliza la saba Septemba. Wenye watoto wa umri huo mnajua kinachofuata. Mpaka Januari sekondari zifunguliwe mtoto hana kazi, na simu yangu ndiyo inageuka yake. Kwanza nilimnunulia boksi la rangi za maji kwenye duka moja la vifaa vya shule, rangi kumi na mbili, sh 6,000. Msinunue zile za bei hiyo. Ni chaki tupu, nyekundu yake ikikauka inafanana na tofali lililonyeshewa. Siku ya tatu boksi lilikuwa chini ya kitanda.

Ndipo jirani akanitajia fundi wa mabango huku Mwanga, mjini Kigoma, kaka mmoja anayeandika majina ya mitumbwi na kuchora vichwa kwenye kuta za saluni. Likizo ya Desemba anachukua watoto, wengi wa la sita, la saba na kidato cha kwanza. Jumamosi sita, saa tatu mpaka saa sita, sh 35,000. Rangi na ubao juu yake, wewe unaleta shati kuukuu. Mimi nauza dagaa Kibirizi, elfu thelathini na tano haitoki kwangu hivi hivi. Jumamosi ya kwanza nilikwenda, nikageuza ndoo nikakalia, nikamtazama.

Rangi hakutoa kabisa siku hiyo. Mtoto akiingia, "Shikamoo fundi." "Marahaba. Njiani umeona nini?" Ukisema hujaona kitu unarudi barabarani ukaone, ndiyo uje ukae. Wavulana karibu wote walitaka kuchora Liemba. Akawauliza, bomba la moshi limekaa wapi? Ubavuni kuna madirisha mangapi? Kimya. Watoto wamezaliwa Kigoma, wamekua wakiiona meli ile ambayo Wajerumani waliiunda kwao 1913 wakaileta huku kwa vipande, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitazama. "Basi mnataka kuchora jina la meli," akasema. Nikatoa hela palepale.

Jumamosi ya pili aliagiza kila mtoto aje na samaki mzima. Nikampa binti mgebuka niliyemtenga kwa chakula cha mchana, roho ikiniuma. Samaki anasuguliwa chumvi utelezi utoke, anafutwa kwa kitambaa mpaka akauke, anapakwa rangi ya maji nyembamba sana, halafu unamlazia karatasi juu na kuibonyeza kwa vidole toka kichwani mpaka mkiani. Ukiibandua unamkuta samaki mzima kwenye karatasi, na miiba ya pezi unaweza kuihesabu. Rangi ikizidi, unapata doa tu. Karatasi tatu za kwanza za binti zilikuwa madoa, ya nne ndiyo nimeibandika ukutani. Fundi aliwaambia wavuvi wa Japani walitumia njia hiyo zamani kuweka kumbukumbu ya samaki waliowavua, huko wanaiita gyotaku. Sawa. Mgebuka wangu hakurudi.

Jumamosi ya tatu ilikuwa vinyago vya magazeti, vipande vinabandikwa kwenye puto kwa uji wa unga wa muhogo. Mawazo mazuri, majira mabaya. Desemba mvua ilivyo huku, vile vitu vikakataa kukauka, vikaota ukungu, na panya wakamalizia. Kwa Juni ningemwambia afanye. Kwa masika ni kupoteza unga.

Sasa Jumamosi tatu za mwisho ndizo zilizonifanya niandike haya. Aliwapa vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta, ile ya kopo ya kupaka milango, kwa mtindo wa Tingatinga. Aliwasimulia habari zake wakati rangi ya msingi inasubiriwa: Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye hadibodi, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana kwa bei yake, akafariki 1972. Miaka minne tu, na mtindo wake mpaka leo unalisha watu. Watoto walipenda hapo kwenye baiskeli. Mmoja akauliza kama rangi ya pikipiki inafaa.

Kazi yenyewe inataka subira ambayo sikujua binti yangu anayo. Unapaka msingi kwa rangi mbili, unaziunganisha zikiwa mbichi ili ubao uwe na giza juu na mwanga chini. Unaacha wiki nzima. Ndipo unakuja na umbo, halafu tena unasubiri, halafu madoa, moja moja, kwa kijiti cha kiberiti. Ukiharakisha, rangi ya juu inaburuta ya chini.

Twiga alikataza. "Mmeona wapi twiga Kigoma?" Binti akachora ziwa usiku, mitumbwi na taa za wavuvi, na mwezi mkubwa juu. Nilipokwenda kumchukua nikacheka. Nikamwambia, mwanangu, hao wanavua nini? Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanakaa nyumbani, na wewe unajua maana siku hizo hatuna mzigo. Alinuna kweli. Fundi hakunitetea wala hakumtetea, akamuuliza tu, "Mama yako kaona au hajaona?" Akaufuta mwezi kwa rangi nyeusi, akaongeza taa sita.

Ya kuudhi yapo. Kibanda ni cha mabati na mvua ikipiga mlango unafungwa, watoto kumi na kitu ndani na kopo la tina liko wazi. Wiki ya nne binti alirudi na kichwa kinamgonga. Nilikwenda kusema, na siku zisizo na mvua akawa anawatoa chini ya mwembe, lakini dirisha mpaka leo hajakata. Halafu walianza watoto tisa, wakafika kumi na saba, brashi ni zilezile nane. Na Jumamosi moja aliitwa kuandika mtumbwi akawaachia kijana wake, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaambia "endeleeni."

Pamoja na hayo nampa nne kati ya tano. Akikata dirisha namwongezea. Likizo ya Juni nampeleka na mdogo wake.

Ubao aliukabidhi bado mbichi, ukaja nyumbani umefungwa gazeti. Tulipofungua, gazeti lilikuwa limeganda sehemu moja tu, palepale mwezi ulipofunikwa, maana rangi ilikuwa nene hapo. Nikataka kuubandua kwa kisu, binti akaninyang'anya. Umetundikwa juu ya mizani yangu Kibirizi. Mteja mmoja wa Kasulu aliutolea elfu kumi na tano, nikamwambia si wangu. Ukisogea karibu, juu ya zile taa, kwenye kiduara cheupe kinachokaribia ukubwa wa kisoda, unasoma neno "mnada."