Mahakamani au bungeni: Thurgood Marshall na Barbara Jordan

Wote walikuwa mawakili Weusi wa Marekani, wote walipambana na ubaguzi wa rangi. Marshall alibaki mahakamani. Mwaka 1954 alishinda kesi ya Brown, na shule za umma zikapigwa marufuku kutenga watoto kwa rangi. Ushindi mkubwa, lakini utekelezaji ulisuasua kwa miaka.

Jordan, aliyeanza uwakili kwenye meza ya chakula ya wazazi wake mjini Houston, alitaka kuzitunga sheria mwenyewe. Aliangushwa kwenye uchaguzi wa 1962, akaangushwa tena 1964, ndipo 1966 akaingia Seneti ya Texas. Tena kilichomsafishia njia ni hukumu za mahakama zilizolazimisha majimbo ya uchaguzi yagawanywe upya. Jambo hili wengi hulisahau. Mwaka 1975, akiwa mbunge Washington, alisaidia kupanua Sheria ya Haki za Kupiga Kura iwalinde pia Wamarekani wa Texas wenye asili ya Meksiko.

Mimi ningefuata njia ya Jordan, ingawa mbunge hurudi kuomba kura kila baada ya miaka miwili. Marshall, jaji wa Mahakama ya Juu kuanzia 1967, hakuwa na presha hiyo.