Fundi wa madera ya mimba, Mji wa Kale

Kina mama wenzangu mnaoniuliza haya madera natoa wapi, naandika hapa mara moja wote muone. Kuna mama fundi Mji wa Kale hapa Mombasa, ukitoka Biashara Street kwenye maduka ya leso waingia vichochoroni na hufiki mbali. Kichumba kidogo, cherehani mbili na feni, kibao hana. Uliza fundi wa wajawazito utaonyeshwa.

Najua kuna watakaosema dera ni dera, ni pana, mwenye mimba avae lolote. Hapana jamani. Dera la dukani lina upana kwengine kusikohitajika. Tumbo huja baadaye, kinachoanza ni kifua, mimba ya miezi miwili tu matiti yashajaa na yauma, halafu huko mbele hata mbavu zenyewe hutanuka, ndio maana sidiria unailegeza mpaka kishikizo cha mwisho na bado yabana. Sasa dera la saizi moja tumboni limejaa hewa, kwapani lakukata, na jasho hili letu la kaskazi ngozi yachubuka mpaka huwezi kuinua mkono.

Yeye akipima anakuuliza kwanza mimba ya miezi mingapi. Mimi nilienda kwenye wiki ya 20 hivi, wakati ule mfuko wa uzazi umefika usawa wa kitovu, na yeye akakata akijua bado wapanda, maana kufikia wiki ya 36 unakuwa umefika chini ya mbavu. Na hapa ndipo nilipompenda: pindo la mbele analikata refu kuliko la nyuma, kama vidole vinne, kwa sababu tumbo likitoka linavuta nguo juu kwa mbele na nyuma inabaki yaburura. Ule urefu wa ziada anaukunja kwa ndani anaupiga bandi za mkono, uzi mweupe unaonekana vizuri, wewe mwenyewe nyumbani wafumua kidogo kidogo tumbo likikua. Nina miezi minane sasa, nikisimama pindo liko sawa pande zote, nguo ni ile ile.

Urefu wenyewe anauishia juu ya kifundo cha mguu, hataki liguse chini hata ukimbembeleza. Ana haki. Mimba inalegeza viungo, kuna homoni inaitwa rilaksini inalainisha kano za nyonga ili mtoto apate njia, na uzito wote umehamia mbele kwa hivyo kusimama tu kwataka uangalifu. Sisi wa Likoni tunaujua ule mteremko wa feri asubuhi, watu wanasukumana, mikokoteni iko nyuma yako, ukikanyaga pindo lako pale ni hatari kwako na kwa mtoto.

Kitambaa cha plastiki plastiki harudishi nyuma tu, anakukatalia kabisa. Nilimpelekea kimoja kizuri cha maua akakishika akaniambia "mwanangu, hiki kitakuchoma, lete pamba." Damu ya mjamzito huongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida, joto lake mwilini si lile la watu wengine, na pamba inanyonya jasho. Doti moja ya leso pia anakushonea gauni la kulalia, nimeshona na nalilalia kila siku.

Kifuani anaweka zipu mbili zimefichwa kwenye mishono, za kunyonyesha, kwa hivyo ukishajifungua nguo bado ni yako. Halafu kwa ndani anaongeza kitambaa cha pili pale kwenye matiti, maana kuna wanaoanza kutoka dang'a, yale maziwa ya kwanza, kabla hata ya kujifungua, unakaa kwenye matatu mara kifua kimelowa. Sijaona dukani nguo iliyofikiria hilo.

Kitu kimoja zaidi nataka kumsifu. Akipima anaangalia miguu. Kuvimba kidogo jioni ni kawaida, lakini anauliza uso je, mikono je, kichwa chauma, macho yaona nyota? Ukijibu ndio anakwambia nguo baadaye, nenda hospitali leo, usingoje tarehe ya kliniki. Ni kweli kabisa, hizo ni dalili za presha ya mimba na haisubiri.

Malalamiko ninayo. Anachelewesha, akisema Jumatano wewe hesabu Jumamosi. Viti vyake ni vigoda visivyo na mgongo, kwa miezi yetu hii kiuno chaumia, na choo hakuna karibu, kibofu kikishabanwa na mtoto foleni yake ni mateso. Amenisikia akasema atatafuta kiti, bado namngoja.

Ufundi sh. 700, kitambaa wakwako, M-Pesa anapokea. Nampa nyota nne. Mwende asubuhi siku za kazi, Ijumaa anafunga kwa swala, na Ramadhani ikishafika nusu msisumbuke, huwa ana nguo za Idd mpaka dirishani na oda mpya hapokei.