Kufundisha uhandisi kwa gemu la roketi: uzoefu wangu na Kerbal Space Program

Nasaidia kufundisha wanafunzi wa uhandisi wa mitambo, na tukifika kwenye mwendo wa vyombo vya angani natumia Kerbal Space Program. Ni gemu la kompyuta lililoanza kutolewa mwaka 2011 na kampuni ya Squad ya Mexico. Unaunda roketi kipande kwa kipande, unairusha, halafu unaona kama hesabu zako zinasimama.

Faida kubwa nimeiona kwenye mlinganyo wa roketi wa Tsiolkovsky, ule wa 1903, unaotumia logarithimu kukokotoa roketi inaweza kubadili kasi kiasi gani kwa mafuta iliyobeba. Wanafunzi wanaukariri vizuri tu, lakini waulize roketi ikiishiwa mafuta njiani tufanye nini, utasikia: tuongeze tangi. Basi waache waongeze. Chombo kidogo cha mtu mmoja chenye injini ya Terrier na tangi moja la FL-T400 (vyote ni vipande vya humo kwenye gemu) kina uwezo wa kubadili kasi kwa kama mita 2,750 kwa sekunde, pasipo hewa. Tangi la pili linaongeza kama 1,150. La tatu, lenye mafuta kiasi kilekile, linaongeza kama 670 tu. Roketi inazidi kurefuka na namba inagoma kupanda, mpaka mwanafunzi anauliza mwenyewe: sasa mafuta yote haya yanakwenda wapi? Yanabeba mafuta mengine. Hapo logarithimu inaeleweka, na inaeleweka pia kwa nini roketi za kweli hudondosha matangi matupu zikiwa safarini.

Kukutanisha vyombo viwili kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka sayari, nako kunafundisha sana. Karibu kila kundi huanza kwa kuwasha injini kukifukuza chombo kilicho mbele, na kinazidi kuwaacha. Ukiongeza kasi obiti inapanuka, na mzunguko mmoja unachukua muda mrefu zaidi. Anayetaka kumfikia wa mbele hupunguza kasi kwanza, akashuka kwenye obiti fupi. Nimewahi kulieleza hilo ubaoni kwa michoro mizuri na bado nyuso zikaniambia halijaingia. Kwenye gemu linaingia.

Sharti langu ni moja: hakuna kurusha kabla ya kuandika kwenye karatasi namba unayoitegemea. Bila hivyo wanabahatisha, wanaongeza injini hadi kitu kiruke, na kipindi kinaisha hawajajifunza chochote. Gemu lenyewe halimlazimishi mtu kukokotoa, na kwangu huo ndio udhaifu wake mkubwa darasani.

Kuna mengine ya kuwaambia mapema. Kerbin, sayari ya kwenye gemu inayochukua nafasi ya Dunia, ina nusu kipenyo cha kilomita 600, wakati Dunia ina kama 6,371, kwa hiyo obiti ya chini inahitaji kasi ya kama mita 2,300 kwa sekunde badala ya 7,800 hivi. Pia chombo huvutwa na sayari au mwezi mmoja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo nukta za Lagrange, zile ambazo mvuto wa magimba mawili huwezesha chombo kubaki mahali palepale ukilinganisha na magimba hayo, usizitafute humo. Na kwa uimara wa vyuma na viungo, tafuta programu nyingine kabisa.

Laptop dhaifu zinakwama roketi ikiwa na vipande vingi. Sisi tunakaa makundi kwa kila mashine, mmoja akishika kipanya na wengine kalamu. Nikiwa na uwezo wa kuongeza mashine leo, bado ningewaacha wakae hivyohivyo, kwa sababu ubishi wa wale wenye kalamu ndio unaozaa hesabu.