Duka la samaki wa mapambo: muuzaji anayekukatalia

Tangi langu limeenda juu, kina sentimita 50, upana kiduchu. Nilitaka samaki wengi, muuzaji akagoma: "Dada, hewa inaingilia usoni mwa maji, na hapo kwako ni padogo. Anza na wachache." Akanichagulia enjelifishi wadogo, maana mapezi yao marefu yanataka kina, na kikundi cha koridorasi wa kuokota mabaki chini. Tetra neoni, wale samaki wadogo wadogo, alininyima kabisa. Enjelifishi akikua anawameza.

Mapambo ndiyo hovyo: ngome za plastiki, rangi za pipi, jamani! Nikachukua gogo lililokwisha kulowekwa na mche wa valisneria, majani kama utepe yanayopanda mpaka juu. Bei zimechangamka, ila mifuko yote ya kubebea samaki walijaza oksijeni.